Kibaraza cha Taifa

Nchi yetu haimo kwenye ramani. Wachora ramani walikuja mchana, wakatukuta tumejinyoosha baada ya kula, na kwa mila zetu mtu aliyejinyoosha baada ya kula hasumbuliwi. Walisubiri, wakachoka, wakaenda kupima nchi nyingine. Ndiyo maana Jamhuri ya Karibuni utaitafuta kwenye atlasi mpaka macho yaume na usiione. Na kama katika kusoma utahisi kwamba inafanana na nchi fulani unayoijua, hayo ni macho yako, ndugu yangu, mimi simo.

Mimi ni mtumishi wa umma mtiifu. Cheo changu ni Mpiga Makofi Mwandamizi katika Wizara ya Ukarimu, Mipaka na Usalama wa Binadamu. Usicheke. Kwetu kauli ya waziri isiyopigiwa makofi huhesabiwa kuwa maoni yake binafsi, hata kama ameitolea jasho. Ikishapigiwa makofi na ofisa aliyeidhinishwa, huwa msimamo wa serikali, na haifutiki ila kwa kauli nyingine iliyopigiwa makofi. Kazi hii nimeisomea. Kuna makofi ya kufungua mkutano, kuna makofi ya takwimu, kuna makofi ya kumwamsha mgeni rasmi, na kuna yale mazito ya sera, ambayo lazima viganja viwe vikavu na vikutane sawasawa, paa! Mwanafunzi mwenzangu mmoja alifeli mtihani kwa sababu ya viganja vyenye jasho. Sasa analima vitunguu na anaonekana ana furaha, maskini.

Katiba yetu ni fupi. Inasemekana walioiandika walikuwa na njaa, na harufu ya jikoni ilikuwa inawafikia. Ibara ya kwanza inasema mgeni haulizwi shida yake kabla hajala akashiba. Ya pili inasema aliyelisha ndiye mwenyeji, na aliyelishwa ndiye mgeni. Ya tatu inasema mgeni haondoki bila kusindikizwa na mwenyeji wake. Baada ya hapo kuna muhuri, na doa ambalo wanazuoni wetu wanaamini ni mchuzi.

Kwa miaka mingi ibara hizi hazikumsumbua mtu. Mgeni alibisha hodi, akanawa, akala, akacheua, ndipo mwenye nyumba akakohoa kidogo na kuuliza, "Haya ndugu yetu, una shida gani?" Mgeni akishaisema, shida ile inakuwa ya nyumba nzima. Wengine walikuja na shida ya mbegu, wengine ya mchumba, wengine ya kesi ya mbuzi, na zote zilipatiwa ufumbuzi, isipokuwa ile ya mbuzi ambayo bado iko mahakamani.

Kisha kwa jirani mambo yakachacha. Wakubwa wawili waligombea kiti kimoja, na kwa kuwa kiti hakigawanyiki, wakaanza kugawana watu kwa risasi. Watu wakaona heri waondoke kabla hawajagawanywa. Wakaja kwetu na mikeka, na kuku, na watoto mgongoni, wakabisha hodi.

*

Baraza la mawaziri likakutana kwa dharura. Wengine walipendekeza tujenge ukuta, lakini fedha za ukuta zilikwisha kuliwa katika vikao vya kuujadili. Wengine walitaka tuhamishe nchi isogee mbele kidogo. Ndipo waziri wangu, Mheshimiwa Ngwalima, mtu mwenye tumbo la heshima na sauti inayotoka humo humo, akasimama na kuweka koti vizuri.

"Waheshimiwa," alisema, "hali ni tete. Tukiwalisha, katiba inatulazimisha tuwaulize. Tukiwauliza, watasema. Wakisema, tutakuwa tumesikia. Na serikali iliyosikia, waheshimiwa, ni serikali iliyo matatani. Sasa mimi nauliza, mbona jambo lenyewe jepesi? Tusiwalishe!"

 Halafu nikapiga makofi, yale mazito, mpaka viganja vikawaka moto, na nchi ikawa na sera ya wahamiaji.

Hebu itazame ilivyo nzuri. Hatukumfukuza mtu, kwa maana kumfukuza mgeni ni aibu. Hatukumkatalia mtu, kwa maana hakuna aliyeomba; na hakuna aliyeomba kwa maana hakuna aliyeulizwa; na hakuna aliyeulizwa kwa maana chakula kilikuwa bado. Kila mwaka tunatangaza kwamba Jamhuri ya Karibuni haina mkimbizi hata mmoja. Waliopo ni wageni ambao hawajala.

Wageni hao tukawatengea mahali pazuri, ukanda wa ardhi ulio kati ya lango la jirani na lango letu, tukapaita Kibaraza cha Taifa. Kwetu mtu aliye kibarazani bado hajaingia nyumbani, hata akae mpaka aote mvi. Tukazungushia seng'enge ili wasipotee. Juu ya lango tukaweka bango lililoandikwa kwa rangi ya bendera: KARIBUNI SANA. CHAKULA KIKO JIKONI. Na kila asubuhi kipaza sauti kiliwasomea ibara zote tatu za katiba, ili wajue walivyo na bahati ya kubisha hodi katika nchi yenye utaratibu.

*

Usidhani hatukuwajali. Mtu asipokula hufa, na mgeni kufia kibarazani ni mkosi. Kamati ya wataalamu ikakaa hotelini ikatoa mwongozo kwamba chakula alichokipika mgeni mwenyewe si ukarimu bali ni matumizi binafsi, kwa hiyo hakihesabiki. Basi wageni wakaruhusiwa kulima, kufuga na kupika, na kwa kuwa muda walikuwa nao, Kibaraza kikawa kijani kuliko bustani ya Ikulu. Palikuwa na mchicha, kunde, matango, na kuku waliokuwa wakipita chini ya seng'enge kwenda na kurudi bila kuulizwa na mtu, kwa kuwa katiba haikuwataja kuku.

Kuwauzia vilevile kuliruhusiwa, maana anayenunua si mgeni, ni mteja. Lakini kijana mmoja muuza maandazi alifungwa kwa kosa la nyongeza. Mteja alinunua maandazi, yeye akamtilia moja juu kama ilivyo desturi ya wauzaji wote duniani, na Afande Mkude, mkuu wa lango letu, akalikamata lile la juu mkononi mwa mteja. Hakimu akasema yale mengine ni biashara, lakini lile moja ni ukarimu wa kificho. Kielelezo hakikufika mahakamani. Afande Mkude alikula kiapo kwamba alikihifadhi, na alipoulizwa wapi, akaonyesha tumbo.

Huyu Afande si mtu mbaya. Ni mtu wa amri. Ukimpa amri anaitekeleza mpaka mwisho wake, na ukisahau kumwambia mwisho uko wapi, anaendelea.

*

Kibarazani aliishi mama mmoja aliyeitwa Mwasiti. Alikuja na binti yake, Tunu, siku zile za mwanzo, na wote wawili wakafika langoni wamejaa vumbi. Lakini kanuni zetu zinasema mtoto si mgeni popote. Mtoto anaingia nyumba yoyote, anafunua sufuria yoyote, na akichapwa anachapwa na yeyote. Mtoto ni nani? Ni yule ambaye hajang'oa jino. Afande Mkude akamwambia Tunu apanue kinywa, akahakikisha meno yote ya utotoni yamo, akamfungulia lango. Mama yake alipotaka kufuata, Afande naye akamtazama mdomoni, akatikisa kichwa kwa masikitiko.

"Wewe ni mgeni, dada. Subiri chakula."

Tangu siku hiyo Tunu analelewa na Bi Hidaya, mwalimu wa shule iliyo ng'ambo ya lango, mama mwema sana ambaye hakuwahi kupata mtoto. Kila shule ikitoka, Tunu huja kwenye seng'enge. Mwanzoni alilia. Baadaye akaacha, na Mwasiti akawa anasema kwamba kule kuacha ndiko kulikomuumiza zaidi. Siku moja binti alijaribu kupitisha nusu ya andazi lake kwenye upenyo, na Afande Mkude akatokea akikimbia huku ameshika kofia, kwa sababu Tunu sasa ni wa nyumbani, na wa nyumbani kumlisha mgeni ni kosa. Siku nyingine alikuja na mapengo mawili mbele. Mama hakuwapo meno yalipong'oka. Aliingiza kidole kwenye seng'enge akagusa ufizi wa mwanawe, akacheka, akasema ni mapengo mazuri kweli, kisha akaenda nyuma ya matango yake akakaa huko kwa muda.

Lakini siku iliyomkata maini ni ile Tunu alipokuja na rafiki yake wa shule. Rafiki akauliza huyu ni nani. Tunu akafikiri. Watoto huwaza mambo haya kwa haki kuliko sisi. Alikuwa na mama nyumbani anayemfunga vifungo vya sare, na alikuwa na huyu wa kwenye seng'enge. Akasema, "Huyu ni mgeni wangu."

Niliyasikia haya kwa masikio yangu, maana nilikuwa nimetumwa kupima mahali pazuri pa kupigia makofi kwa ajili ya ziara ya waziri.  Mwasiti alimwambia mwanawe asichelewe kurudi nyumbani. Mimi ni mtumishi wa serikali na sipaswi kuwa na maoni, kwa hiyo nitasema tu kwamba siku ile sikula.

*

Ziara yenyewe ilikuwa kubwa. Umoja wa Nchi Zenye Nia Njema ulikuwa umesikia kwamba kuna taifa lililomaliza tatizo la wahamiaji bila risasi wala ukuta, ukamtuma Mjumbe wake aje ajifunze. Alikuwa mtu mrefu, mpole, mwenye kofia ya majani na Kiswahili kizuri cha kusomea. Kila alichokiona alikishangaa.

Mheshimiwa Ngwalima akampeleka Kibarazani. Tukaingia kwa msafara, na lango likafungwa nyuma yetu kama kawaida. Wageni wote wakapangwa kwenye mikeka. Mbele kabisa alikaa Mzee Bahandi, ambaye ndiye aliyefika wa kwanza kabla hata bango halijakauka rangi.

"Ndugu Mjumbe," waziri akaanza, "usalama wa binadamu ni nini? Wenzetu wameandika vitabu vinene. Sisi tunasema usalama wa binadamu unaanza pale binadamu anapotulia! Binadamu anayehamahama anaweza kuteguka mguu. Anaweza kunyeshewa. Lakini tazama hawa. Wametulia!"

Paa, paa, paa, nikafanya kazi yangu. Mjumbe akauliza kama mpango huu unaweza kutumika hata kwenye viwanja vya ndege. Waziri akamhakikishia kwamba unafaa zaidi huko, maana huko chakula tayari ni kibaya.

Basi akanoga. Msemaji akishanoga ni hatari, na mimi nilipaswa kuiona hatari ile mapema. Akainua mikono yote miwili, akafumba macho, akanguruma: "Hapa pana amani kiasi kwamba mimi mwenyewe ningependa kukaa na ndugu zangu hawa, bila kutoka, mpaka jua lizame!"

Lilikuwa pambo tu la hotuba. Lakini sauti ilipanda pale ipandapo siku zote, ikashuka pale ishukapo siku zote, na mikono yangu imezoea. Paa! Makofi mazito ya sera.

Nje ya lango tulisikia kufuli ikibana. Afande Mkude alikuwa amepokea msimamo mpya wa serikali.

*

Hata hapo mambo hayakuwa mabaya. Gari la chakula lilikuwa njiani kutoka makao makuu, na lilipofika tulilijua kabla hatujaliona. Pilau, jamani. Pilau yenye iliki, na sambusa, na mbuzi wa kuchoma aliyelazwa juu ya majani ya saladi. Likaegeshwa nje ya lango.

"Afande, ingiza chakula," waziri akaita kupitia seng'enge.

Afande Mkude akapiga saluti. "Mheshimiwa, chakula cha Serikali hakiingii Kibarazani. Ni amri."

"Amri ya nani?"

"Yako, Mheshimiwa."

"Basi naitengua!"

Nikainua mikono nipige, lakini Mjumbe alikuwa amesimama karibu, kalamu mkononi, anatazama kwa hamu jinsi sera inavyofanya kazi. Waziri akanikonyeza nishushe mikono. Kutengua sera yenyewe mbele ya mtu aliyekuja kuinakili kungekuwa aibu ya karne. Akacheka kwa sauti, akasema alikuwa anampima Afande. Akarudi kukaa. Upepo ukageuka, ukawa unatuletea ile pilau kwa awamu.

Jua lilikuwa bado juu. Takwimu zote zikasomwa, zikaisha. Mheshimiwa akaanza kutoa jasho, na katika ule ukimya tumbo lake la heshima likanguruma kwa sauti ile ile aliyohutubia nayo. Nusura nipige makofi.

Ndipo tukasikia harufu nyingine, ya karibu zaidi. Mwasiti alikuwa ameinjika. Ulikuwa muda wake wa kupika, wala hakuna sheria inayomzuia mgeni kupika. Alikuwa amechinja jogoo, akamtia kwenye nazi na vitunguu vingi, na pembeni akawa anasonga ugali. Mchicha wa karanga ulikuwa tayari umefunikwa. Alipomaliza akapakua kwenye sinia, akatandika mkeka, na akafanya anachofanya kila mtu aliyelelewa vizuri anapokula huku wengine wanamtazama.

"Karibuni chakula, baba zangu," akasema.

Mpaka leo watu wananiuliza kama alipanga. Mimi sijui. Najua tu kwamba kipaza sauti kilimsomea katiba kila asubuhi, na kwamba alikuwa na masikio mazuri.

Waziri akasema ahsante, ameshiba kwa kuwaona. Mjumbe yeye hakujua kukataa, akakaa mkekani, akaomba kijiko. Alipoonja akafumba macho. "Ni vizuri mno," akasema. "Mheshimiwa, si utaonja?"

"Kwa ajili ya itifaki tu," waziri akasema, akanawa. "Nitaonja mchuzi."

Akaonja mchuzi. Mchuzi ukahitaji ugali wa kuuthibitisha. Ugali ukahitaji kipande cha nyama. Akavua koti. Akafungua kifungo. Akanyofoa paja, akanyofoa bawa, akavunja shingo akainyonya mpaka ikatoa mluzi. Kibaraza kizima kilikuwa kinatazama serikali ikila. Mwishowe akajiegemeza kwa mikono nyuma yake, akacheua vizuri, na Mwasiti akamuuliza kwa adabu, kama ambavyo mpishi yeyote angeuliza:

"Nikuongeze, baba? Au umeshiba?"

"Aaah, nimeshiba!" waziri akanguruma, kwa ile sauti yake inayopanda na kushuka. "Nimeshiba kabisa!"

Nifanyeje, wasomaji wangu? Viganja vilikuwa vikavu. Wadogo tulikuwa bado hatujala.

Paa!

*

Mimi sikutambua nilichofanya. Nilichoona ni kwamba mkubwa amemaliza, na kwetu mkubwa akimaliza, wasaidizi hurukia masalia. Nikatumbukiza mkono wangu wa kulia kwenye sinia mpaka kwenye kifundo. Wa kushoto nikaukamatisha mgongo wa jogoo, nikang'ata. Ndipo nikainua macho.

Mwasiti alikuwa amepiga magoti mbele ya waziri, kitambaa cha kunawia begani. Akakohoa kidogo.

"Haya, mgeni wangu," akasema. "Una shida gani?"

Waziri akatoa macho. Taratibu nikaiona katiba ikipita usoni mwake, ibara baada ya ibara. Ameshiba, na kushiba kwake ni msimamo wa serikali. Aliyelisha ndiye mwenyeji, na aliyelishwa ni yeye. Ameulizwa.

"Sikula!" akapiga kelele. "Nilionja! Natamka rasmi kwamba mimi, Waziri wa Ukarimu, sikula!" Akanigeukia. "Piga!"

Nikapiga. Wallahi nilipiga kwa nguvu zangu zote. Lakini mikono ilikuwa imejaa mafuta na tui, ikateleza, ikatoa sauti kama ndala kwenye tope. Nikapiga tena. Mlio ule ule. Bawa la jogoo likaruka likamwangukia Mjumbe kofiani.

"Hayo siyo makofi," Afande Mkude akasema kutoka langoni. Yeye pia alisomea kozi fupi. "Hayo ni maoni binafsi."

Mjumbe alikuwa anaandika kwa kasi. Jua likaanza kuzama, na waziri akaona njia ya mwisho. Akavaa koti, akaenda langoni. "Muda wangu umefika, Afande. Fungua nitoke."

"Mheshimiwa, wewe sasa ni mgeni," Afande akamwambia kwa heshima zote. "Mgeni haondoki bila kusindikizwa na mwenyeji wake. Mwenyeji wako nani?"

Kila mtu akamtazama Mwasiti. Alikuwa amesimama palepale mkekani, ameshika kitambaa.

"Nimeuliza swali, baba," alisema taratibu. "Sijajibiwa. Una shida gani?"

Mheshimiwa Ngwalima akatazama seng'enge. Akatazama matango, mikeka, wale watu wote waliotulia. Nadhani kilichomvunja ni lile lango. Lina namna yake ukilitazama kutoka upande wa ndani wa Kibaraza. Mabega yakamshuka. Sauti ikamtoka kooni badala ya tumboni, ndogo, nyembamba, wala sikuijua.

"Nataka kwenda nyumbani," akasema.

Basi. Mkekani mtu mmoja akaguna. Mwingine akacheka, si kwa ubaya. Mzee Bahandi alitikisa kichwa polepole, kama mtu anayesikia jina la kijiji chake likitajwa redioni. Na mimi, mtumishi mtiifu, nikashikwa na kwikwi ya kilio, ambayo nitasema ilitokana na pilipili.

"Kumbe hilo tu?" Mwasiti akasema. "Twende nikusindikize."

Kwanza akanigeukia. Nami nilikuwa nimekula kwake. Akaniuliza shida yangu, nikasema ni mikono. Akanimiminia maji nikanawa. Kisha akamtangulia waziri, mimi na Mjumbe tukiwa nyuma yao, hadi langoni, na Afande Mkude akafungua, akagonga visigino, akapiga saluti. "Pita, mwenyeji."

*

Desturi ya kusindikiza unaijua. Haiishii mlangoni. Inafika njia panda, na ikibidi inafika mbele zaidi, watu wakiendelea kukumbushana jambo moja la mwisho. Mwasiti alimsindikiza waziri mpaka kwenye gari lake, akamfungia mlango, akamtakia safari njema. Waziri hakushusha kioo. Gari la pilau likafuata, limejaa vilevile.

Tunu alikuwa amesimama barabarani na begi la shule, kwa sababu hakumkuta mama kwenye seng'enge. Akamwona anakuja bila waya usoni. Mtoto wa watu akapigwa na butwaa. Hakukimbia. Alikuwa amefundishwa shuleni jinsi ya kumpokea mtu, naye ni mwanafunzi mzuri. Akafungua begi, akatoa nusu ya andazi lililofungwa kwenye karatasi ya daftari, akampa kwa mikono miwili. Mwasiti akala. Alitafuna lote, mpaka chembe, huku machozi yanamshuka, wala hakuyafuta.

"Umeshiba?" Tunu akauliza.

"Nimeshiba."

"Una shida gani?"

"Nilikuwa nakutafuta wewe," mama yake akasema, akachuchumaa, na hapo mtoto akasahau yote aliyofundishwa.

Bi Hidaya alikuwa mlangoni kwake, ameona. Alisimama muda mrefu, akaingia ndani, akaongeza maji kwenye sufuria. Siku hizi Tunu anafungwa vifungo vya sare na mikono minne, na analalamika.

*

Serikali haikulala. Mheshimiwa Ngwalima alitoa kauli kwamba yote yaliyotokea hayakutokea, ila hapakuwa na wa kuipigia makofi, kwa kuwa mimi nilikuwa nimesimamishwa kazi kwa kosa la kuwa na mikono michafu. Mjumbe naye alirudi kwao na taarifa nene. Naambiwa wamekwishaanza kujenga vibaraza, na wamewapiga marufuku kuku.

Mimi nilikwenda kuomba kazi kwa Mwasiti. Siku ya pili tu ya kuwa mwenyeji alikuwa ameazima sufuria kubwa ya shule, akaijaza makande, akaifikisha langoni. Afande Mkude alijipanga njiani na mikono kiunoni. Amri ilikuwa kwamba Serikali na raia wake hawatawalisha wageni. Akamtazama Mwasiti juu mpaka chini, akatafuta Serikali au uraia mahali popote mwilini mwake, hakuviona. Akafungua. Akasaidia hata kushika mpini mmoja.

Tulipakua. Watu wakala polepole, kama wanaoogopa kwamba chakula kitaahirishwa katikati. Mzee Bahandi ndiye aliyemaliza wa kwanza. Akaramba vidole, akasukuma sahani, akasema ameshiba. Mikono yangu ikainuka yenyewe, nikaikamata, nikaikalia.

Mwasiti akapiga magoti mbele yake, akakohoa kidogo.

"Haya, baba yetu. Una shida gani?"

 Mzee alimtazama mwanamke yule, akanitazama mimi, akamtazama Afande aliyekuwa amevua kofia na kukaa kwenye ncha ya mkeka. Akajisogeza vizuri.

"Mna muda?" akauliza.